Diski imetoka, daktari anataka kisu, mama hataki. Waliopasuliwa mgongo mko wapi?

#1 Bajaji Namba Saba
Wakuu, salama?

Niende moja kwa moja. Mie dereva wa bajaji hapa Tanga, kijiwe Ngamiani, umri 38. Wiki kumi zilizopita nilishuka kumtolea mama mmoja gunia la viazi siti ya nyuma, nikasikia kiunoni "ta!" Siku mbili nikatembea kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Siku ya tatu kiuno kikapoa, maumivu yakahamia mguu wa kushoto: tako, nyuma ya paja, shavu la mguu, mpaka kidole cha mwisho. Nikikohoa ni umeme. Kukaa ndiyo balaa lenyewe, na kazi yangu ni kukaa.

Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likagoma. Nikaambiwa nikapige MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mgongo, nikaenda Dar nimelala kifudifudi siti ya nyuma ya basi, kondakta ananiruka na mizigo yake. Majibu: diski ya L5/S1, ile ya mwisho chini kabisa ya kiuno, imetoka, inakandamiza neva upande wa kushoto. Daktari anasema kusubiri kunawezekana, ila kwa mguu ulivyoanza kulegea yeye angechagua upasuaji. Mama anasema kisu mgongoni ni kiti cha magurudumu. Shemeji, ambaye ndiye mwenye bajaji, hasemi lolote. Anauliza hesabu tu.

Aliyepasuliwa yupo humu? Unatembea? Nawasilisha.

#2 Kigoda
Siti ya mbele. Kahawa ninayo, kashata ninayo.

#3 Mkwezi Mstaafu
Pole mwanangu. Usikimbilie kisu. Hiyo ni ngiri, imekaa kiunoni ikashuka mguuni, wazee tunaijua. Mie nimekwea minazi Pangani miaka thelathini, ikanishika hivyo hivyo nikashindwa hata kujifunga kikoi. Nikapigwa chuku mara tatu, damu ikatoka nzito kama lami, nikakandwa mafuta ya mnyonyo siku saba. Wiki ya sita nikarudi juu ya mnazi.

#4 Nesi wa Zamu
@Mkwezi Mstaafu shikamoo mzee wangu. Hapo neno linatuchanganya. Ngiri ni utumbo kuchungulia penye nyama dhaifu, kinenani au kitovuni. Madaktari kwa lugha yao huita vyote viwili jina moja kwa sababu kitu kimetoka mahali pake, lakini utumbo na diski havijuani.

Diski ipo kati ya pingili na pingili. Nje ngumu, tabaka juu ya tabaka, ndani ute mzito. Chukua embe la kunyonya: ukilibana huku, linatokea kwenye tundu. Likitokea pale neva inapopita, mguu unalia.

Na hiyo wiki ya sita yako, mzee wangu, ndiyo kawaida yake. Wengi hupata nafuu kubwa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, wapigwe chuku wasipigwe. Kipande kilichotoka mwili hukiona mgeni, unakituma askari wake wakakile kidogo kidogo. Ajabu yake, kipande kikubwa kilichomeguka kabisa mara nyingi huliwa upesi kuliko uvimbe mdogo.

#5 Mkwezi Mstaafu
Marahaba binti. Kwa hiyo pesa ya chuku nilipaswa kuilipa kalenda. Haya.

#6 Jirani wa Barabara ya Kumi
Yakhe, msikilize mama yako. Mtaani kwetu kuna mzee fundi cherehani, alikwenda Dar kwa miguu yake akafanyiwa huo upasuaji, karudi kwenye kiti. Leo anashona cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Hili sikusimuliwa, nimeliona.

#7 Mpagazi wa Saruji
Nimepasuliwa mie. L4/L5, diski moja juu ya hiyo yako, mwaka 2019.

Nilikuwa napakua mifuko ya saruji ghalani, kilo 50 kila mmoja. Mie ulinishika mguu wa kulia, juu ya unyayo mpaka kidole gumba, na unyayo ukaanza kuburura. Ndala inanivuka njiani bila kujua, watu wananiokotea. Hospitali ya Bombo hapa Tanga wakanipa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar. Usiku wa kuamkia siku yenyewe niliandika wosia nyuma ya karatasi ya sigara, na mali yenyewe baiskeli moja.

Asubuhi nusu kaputi. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nikautafuta ule umeme mguuni. Sikuupata. Nikajua wamekata mguu. Nikapapasa, upo. Kesho yake fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, akaniinua, nikaenda chooni kwa miguu yangu, nikafunga mlango nikalia.

Kovu ni refu kama njiti ya kiberiti. Mke wangu anasema hata mwiba wa mkonge unaacha alama kubwa kuliko hiyo. Lakini nisikufiche: kilichopona ni mguu. Kiuno kipo pale pale, asubuhi nyingine navaa soksi nimelala chali. Saruji sijabeba tena, nakaanga chipsi.

#8 Fizio wa Pwani
@Mpagazi wa Saruji umesema kitu ambacho wagonjwa huambiwa kila siku na hawakisikii. Upasuaji huu ni wa mguu. Daktari anatoboa dirisha dogo, siku hizi mara nyingi kwa hadubini, anaisogeza neva pembeni, anatoa kile kipande kinachoibana. Basi. Diski yenyewe haitolewi yote wala haifanywi mpya. Mwenye kiuno kitupu bila mguu asiufuate, hautamfaa.

@Bajaji Namba Saba kidole cha mwisho na shavu la mguu ni eneo la neva ya S1, na diski iliyotoka ni L5/S1. Mguu na picha vinasema jambo moja. Hilo ni kubwa kuliko picha peke yake. Mwaka 1994 Wamarekani walichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakawapiga MRI. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Kwa hiyo usiogope karatasi, tazama mguu.

Nifanyie hivi. Simama pekupeku mlangoni, kidole kimoja kwenye fremu usianguke. Kunja mguu mmoja, mwingine nyanyua kisigino juu, shusha, nyanyua. Hesabu. Kulia kisha kushoto. Leta hapa.

#9 Bajaji Namba Saba
Kulia 20 nikaacha mwenyewe. Kushoto 6. Ya saba kisigino kimegoma, kama kimetiwa gundi na sakafu. Binti yangu wa darasa la pili naye akajiunga, kafika 31 anauliza tuzo iko wapi.

#10 Fizio wa Pwani
Andika ukutani kwa chaki. Kila asubuhi. Nataka hesabu, sitaki "najisikia vizuri".

#11 Mtaka Undani
@Mpagazi wa Saruji samahani mkuu, na yale mambo ya ndani ya nyumba baada ya upasuaji yanakuwaje? Namuulizia rafiki.

#12 Kigoda
Rafiki tunamjua, ana jina kama lako.

#13 Mpagazi wa Saruji
Mwambie rafiki asubiri wiki kadhaa, alale chali na asijifanye shujaa.

#14 Nondo Kavu
Wakuu mnapiga soga, nondo hizi hapa. Uholanzi, 2007. Watu 283 wenye mguu kama wa mleta uzi, wanaumwa kwa wiki 6 hadi 12. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu kisu mapema, nusu wasubiri na dawa, wakizidiwa ndipo kisu. Baada ya mwaka, pande zote mbili asilimia 95 wamepona. SAWASAWA. Kwa hiyo kisu cha nini?

#15 Mpagazi wa Saruji
@Nondo Kavu malizia nondo yako, usiikate katikati. Walipona lini?

#16 Nondo Kavu
Wa kisu kwenye wiki ya 4, wa kusubiri wiki ya 12. Ni kadirio la katikati.

#17 Mpagazi wa Saruji
Basi wiki nane hizo ndizo mjadala mzima. Profesa akiumwa wiki nane anapokea mshahara. Dereva wa bajaji wiki nane ni hesabu ya shemeji mara hamsini na kitu, na shemeji mwenyewe si Mholanzi.

#18 Fizio wa Pwani
Na kuna kingine humo humo: katika waliopangiwa kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa ndani ya ule mwaka kwa kuzidiwa. Kwa hiyo ile 95 ya upande wa kusubiri ina watu wa kisu ndani yake. Ila ukigeuza shilingi, asilimia 61 hawakuguswa. Kila mtu achague upande anaoutaka, namba ni zile zile.

#19 Chungwa la Muheza
Kwa nini asiende India? Watu wote wanaenda India.

#20 Nesi wa Zamu
Watu gani wote? MOI imeundwa kwa sheria mwaka 1996, upasuaji wa diski si jambo geni pale. India ya nini kwa kovu la njiti ya kiberiti?

Mleta uzi, mpelekee mama hili. Uti wa mgongo wenyewe, ule ambao ukikatwa mtu anapooza, unaishia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kule chini L5/S1 unapopasuliwa wewe umeshaisha, zimebaki neva zinaning'inia kama nyuzi za ufagio. Sisemi hakuna hatari. Kidonda kuota usaha, maji ya uti kuvuja, neva kuguswa, yapo. Na diski ile ile kutoka tena: katika watu mia, kati ya watano na kumi na tano. Ila ile picha ya mtu kuingia mzima na kutoka mfu kiunoni, si kawaida ya upasuaji huu.

#21 Jirani wa Barabara ya Kumi
Nesi unaongea kitabu. Mie naongea mtu. Fundi cherehani nimemuona akipanda gari.

#22 Binti Pindo
Nimesoma uzi huu kimya tangu juzi, sikutaka kuingia. @Jirani wa Barabara ya Kumi, huyo fundi cherehani ni baba yangu.

Hakupanda gari. Alipandishwa, yuko juu ya godoro, watu wanne, na wewe huenda ulikuwa mmoja wao. Ilianza kama ya mleta uzi, mguu mmoja. Halafu ikawa miguu yote miwili. Halafu siku moja akasema akikaa kwenye stuli ya cherehani hasikii stuli. Tukacheka. Kesho yake mkojo ukafunga. Tulipompeleka kwanza tukaambiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tukapewa vidonge turudi nyumbani. Siku tatu tunampa maji mengi anywe, tumbo limejaa kama ngoma, na bado tunamwambia kunywa baba. Anafika Dar ni siku ya tano. Walimpasua usiku ule ule. Mkojo ulirudi baadaye, nusu nusu. Miguu haikurudi.

Mie naamini ni zile siku tano. Baba mwenyewe anasema ni kisu, kwa sababu kabla ya kisu alikuwa bado anachezesha vidole. Sibishani naye.

#23 Jirani wa Barabara ya Kumi
Nisamehe dada. Nilishika kona ya godoro, kweli. Kumbukumbu yangu imemsimamisha.

#24 Nesi wa Zamu
Pole sana dada Pindo, na ahsante kwa kuandika.

@Bajaji hapa sicheki. Ganzi sehemu ile unayokalia tandiko la baiskeli, mkojo kugoma au kutoka bila habari, choo kutoka bila habari, miguu yote miwili kulegea: ukiona hata moja, usije kuuliza humu. Ondoka saa ile ile, iwe saa nane ya usiku. Hiyo ndiyo diski isiyosubiri wiki wala siku, watu hujitahidi kisu kiwe ndani ya saa 48. Na ukiambiwa UTI, sema wazi kwamba hulisikii tandiko.

#25 Bajaji Namba Saba
Tandiko nalisikia, mkojo upo. Nimemsomea mama post ya dada Pindo. Amenyamaza, kisha akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

#26 Kigoda
Hivi chanzo ni nini hasa? Gunia au bajaji? Maana barabara zetu za ndani huku Mikanjuni, ukipita na bajaji meno yanahesabiana.

#27 Mpagazi wa Saruji
Kubeba. Hakuna kingine.

#28 Mtaka Undani
Kukaa. Binamu yangu karani, hajabeba hata mtoto, diski mbili.

#29 Nondo Kavu
Mnabishana bure. Ufini walichukua mapacha, mmoja kazi nzito maisha yake yote, mwenzie kazi ya kukaa. Migongo yao kwenye MRI ikafanana kuliko walivyotarajia. Urithi ulieleza uchakavu wa diski kuliko mzigo. Ulaumu ukoo wako.

#30 Mpagazi wa Saruji
Pacha wa Ufini hajapakua tani za saruji mchana wa Februari.

#31 Mkwezi Mstaafu
Na waliotupiwa je? Mnaruka hapo kwa makusudi. Kuna mtu unavuka kitu njiani alfajiri, jioni mguu hauendi.

#32 Kigoda
Mzee wangu, alivuka gunia la viazi.

#33 Chungwa la Muheza
Kuna kitu nilikisoma zamani, wajuzi mnisahihishe: diski iliwahi kutibiwa kwa PAPAI. Nakumbuka vizuri au ni njaa?

#34 Nondo Kavu
Unakumbuka vizuri. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinacholainisha nyama. Mwaka 1956 daktari mmoja Marekani, Lewis Thomas, aliwadunga sungura dawa ya papai, kesho yake masikio yakalala chini kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Gegedu imelainika. Miaka ya 60 mwenzie Lyman Smith akaona: kama inalegeza gegedu ya sikio, si itayeyusha na ute wa diski? Akawadunga watu diskini. 1982 Marekani wakairuhusu rasmi. Wengi walipata nafuu bila kisu, ila wachache walipata mzio mkali wa kuua, na wengine wachache zaidi wakapooza. Kufika 2003 ikaondolewa sokoni kule.

#35 Chungwa la Muheza
Kumbe mshikaki wa Tanga, ile nyama inayolazwa na papai bichi, ni upasuaji wa diski.

#36 Nesi wa Zamu
NAOMBA asitokee mtu humu na bomba la sindano na utomvu. Naomba sana. Nawajua.

#37 Mtaka Undani
Rafiki yangu ameghairi.

#38 Bajaji Namba Saba
Mrejesho, siku ya tisa tangu nifungue uzi. Wakuu, maumivu yamepungua nusu! Nimelala usiku mzima bila kidonge. Mama kachinja kuku.

Hesabu ya ukutani, mguu wa kushoto: 6, 6, 5, 6, 5, 4, 4, 3, 3.

#39 Mkwezi Mstaafu
Alhamdulillahi. Si nilisema? Kalenda ni daktari.

#40 Fizio wa Pwani
Mzee, tazama hesabu, usitazame kuku.

Maumivu kushuka huku nguvu nazo zinashuka, mie silali. Neva inayobanwa inapiga kelele. Ikinyamaza, ama imeachiwa ama imechoka. Ikiachiwa, visigino vingepanda. Rudi kwa daktari kesho, na picha ya ukuta uipige umuoneshe.

#41 Nondo Kavu
Usimtishe. Ulegevu kama huu mara nyingi hurudi wenyewe, kwa kisu au bila. Hata madaktari hawajakubaliana kwamba kisu hurudisha nguvu kuliko muda unavyozirudisha.

#42 Fizio wa Pwani
Ulegevu uliosimama pale pale, tunaweza kubishana mpaka kahawa ipoe. Ulegevu unaoongezeka kila siku hatubishani sana.

#43 Mpagazi wa Saruji
Mie unyayo ulibururika miezi minne nikisikiliza wenye nondo. Baada ya kisu ulirudi, lakini haukurudi wote. Mpaka leo ndala ya kulia naifunga kwa mpira. Ndiyo nondo yangu.

#44 Binti Pindo
@Bajaji umeenda?

#45 Bajaji Namba Saba
Nimeenda. Daktari kaiangalia picha ya ukuta muda mrefu kuliko MRI. Kagonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo: kulia mguu umeruka, kushoto kimya. Kanipangia Alhamisi ijayo. Kasema nikibadilika niseme kabla.

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Kaniuliza kikoi kipi nitakwenda nacho.

#46 Mkwezi Mstaafu
Chukua cha rangi iliyoiva, damu haionekani. Nakuombea dua mwanangu, japo nilikuwa upande ule mwingine.

#47 Bajaji Namba Saba
Jumatatu. Sijui niwaambieje hili. Jana 3. Leo asubuhi 5, nikarudia nikidhani nimekosea, 5 tena. Saa hizi magharibi nimejaribu mbele ya mashahidi, 6.

#48 Nondo Kavu
AHIRISHA. Inaliwa hiyo!

#49 Mpagazi wa Saruji
Usiahirishe, siku moja si ushahidi, na foleni ukiitoka hurudi ulipokuwa.

#50 Fizio wa Pwani
Mpigie daktari umwambie namba. Aamue aliyeshika kile kinyundo.

#51 Bajaji Namba Saba
Nimempigia. Kasema njoo Jumatano na mkoba, nikupime tena, tutaamua ukiwa mlangoni. Jumanne asubuhi hii: 5.

#52 Kigoda
Na bajaji nani anaendesha?

#53 Bajaji Namba Saba
Shemeji mwenyewe, tangu wiki iliyopita. Jana kaja ananiuliza hivi kiuno chako kilianzaje.